Malkia Aliyekataza Chafya

Dada yangu mpendwa,

Khati yangu ya mkono unaijua, ni mbovu siku zote. Nivumilie usome.

Leo nimeikumbuka harusi ya binamu yetu. Wanawake peke yao uani, mlango umefungwa, nawe umekaa kwenye kiti cha enzi tulichoazima kwa mke wa Mudiri, mkubwa wa serikali hapa Amu. Ulijitia malkia wa Pate wa zamani. Ukanusa ugoro, ukapaza sauti kwa Kipate: "Nti hini ni yangu! Mtu asipige chafya kabla yangu!"

Mama alicheka hadi akashika nguzo. Nani asiyekijua kikopo cha ugoro cha Mudiri? Na maneno yale, dada, niliyatunga mimi. Wewe uliyanakili tu kwa khati yako nzuri, wenzetu wapate kuyasoma.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kukirudisha kiti. Nikakipeleka na karatasi zetu za mchezo zingali chini ya mto wa kukalia.

Kesho yake Mudiri akaja mwenyewe kwa baba, karatasi mkononi. Siku hizi za hali ya hatari, kumcheka mkubwa kwa maandishi si mchezo. Tulikuwa nyuma ya pazia, nimeshika buibui lako. Nilipofungua kinywa ukaniminya mkono. "Nyamaa, wewe." Kisha ukasema kwa sauti ile ile ya malkia: "Khati ni yangu, Bwana. Na maneno ni yangu."

Nami nikanyamaa. Niliogopa, dada.

Huu mwaka wa pili uko kisiwani Kiwayu kwa shangazi, Mudiri amekukataza kukanyaga Amu, na posa yako imevunjwa. Barua zako hutufikia zimeshafunguliwa, na chembe za ugoro kwenye mikunjo. Mama huzipangusa asiseme kitu.

Hii nayo itapita mikononi mwa Mudiri. Najua. Ndiyo maana nimeandika jina langu lote juu ya bahasha. Nguo zangu nimeshazifunga, na hodi ya askari nitaifungulia mwenyewe. Naogopa kuliko siku ile, wallahi.

Niombee dua. Barua hii ikikufikia ina ugoro ndani, ujue keshaisoma. Rudi nyumbani, dada.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye maneno yale.