Napiga Vibaya Makusudi Ili Mzee Asifukuzwe

Shangazi Roseline, salamu kutoka Jeddah, naomba unishike mkono maana nimejifunga mwenyewe. Mimi ni mpiga gitaa wa Homa Bay, na tangu muziki uruhusiwe huku napiga katika mkahawa wa hoteli pamoja na mzee Eusebio, Mkuba aliyepiga tres maisha yake yote, lile gitaa dogo la kwao lenye nyuzi sita zilizofungwa mbilimbili, akalipiga harusini, redioni, melini, hadi akafika hapa, na ndiye aliyenifundisha kulipiga, kila alasiri chumbani kwetu mtaa wa Baghdadiyah, bila kunidai chochote ila chai. Sasa vidole vyake vimeanza kukakamaa, na bosi wetu Hashim akaniita kando akasema mkataba wa mzee ukiisha kiti cha tres ni changu, halas, yameisha, nisimwambie mtu, nami badala ya kujibu nikaanza kupiga vibaya makusudi, nawahi mdundo, naruka noti, ili bosi aone sifai na mzee abaki. Lakini juzi, muziki uliposimama kupisha adhana, mzee alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Kosa ni langu, Frankline. Sikukufundisha kuhesabu." Ameturudisha kwenye somo la kwanza, na vidole vinamuuma nikiona. Nifanyeje?

Frankline, Jeddah

Frankline, una moyo mzuri na umeutumia vibaya. Nakuelewa, kula sahani moja na mtu kisha ukalie kiti chake si jambo dogo. Lakini Hashim anataka kumnyang'anya mzee kazi tu. Wewe umemnyang'anya ualimu, ambao vidole vyake vilikuwa havijauharibu. Tena njia ya mwongo ni fupi, baba. Bosi akichoshwa na makosa yako atawafungasha wote wawili, alete bendi nyingine kutoka Riyadh.

Kesho alasiri, kabla mzee hajashika tres, mwambie yote, hata lile la Hashim. Usijitetee. Kisha nenda kwa bosi umwambie utakalia kiti hicho mzee akibaki kuongoza bendi na kuimba, na ikama yake, kile kibali cha kuishi huko, isiguswe. Akikataa, angalau mzee atajipangia safari yake kama mtu mzima badala ya kushtukizwa.

Na jioni hiyo mkipanda jukwaani, piga alivyokufundisha, noti zote, yeye akiwa amekaa hapo karibu. Itamuuma. Acha imuume, mwalimu huyo amestahili kukusikia.