Mtoto Aliyeanikwa Juani

Newala, Jumanne usiku

Kile kilio bado kiko masikioni mwangu: chembamba, cha mara moja tu, nilipomchoma yule mchanga kisigino kwa sindano, kumtoa damu. Mtoto mwenye nguvu angelia mpaka wodi nzima igeuke.

Asubuhi nilimgusisha kipimo cha ugonjwa wa manjano, kile cha ngozi, kwenye paji la uso, namba ikaja ndogo. Nikaandika ruhusa. Mama yake akaanza kukunja kanga, warudi Tandahimba. Ndipo bibi wa mtoto akajisifu.

"Nyie na mashine zenu! Mimi nimemwanika hapo nje kila siku, kama korosho. Umeona manjano yalivyokimbia?"

Yamekimbia kwenye ngozi. Jua husafisha ngozi, nacho kipimo husoma ngozi tu. Ya kwenye damu hakiyaoni, na hayo yakizidi huingia kwenye ubongo. Nilimfunua kope. Macho bado ya njano.

"Bibi, naomba nimtoe damu."

"Ya nini? Si umesema mzima?"

"Nilisema. Sasa sina hakika."

"Mara mjukuu wangu mzima, mara mgonjwa. Shule gani hiyo?"

Mama mtoto alicheka, kisha akaanza kulia. Kinachoniudhi ni kwamba bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza yeye, kabla ya kupima.

Damu imepelekwa Masasi, majibu kesho. Huenda nimemchoma bure, na bibi atanisema mpaka stendi.

Sikusubiri. Nimeichana ile ruhusa, nimemfunika mtoto macho, na nimemlaza uchi chini ya taa ya buluu, ile inayoshusha manjano mpaka ya kwenye damu.