Mkunjo kwenye Bawa la Kushoto

Mwaka umetimia, Kipanga wetu, tangu asubuhi ile ndege uliyoiunda kwa mikono yako ilipopaa nawe, kisha ikaanguka ikiwa na bawa moja.

Jina la Kipanga ulipewa na majirani siku mabawa yalipoanza kuchungulia mlangoni mwa karakana yako ya useremala. "Kipanga, vifaranga vyetu tuvifiche?" waliuliza wakipita. Ulijibu bila kuinua kichwa kwenye randa: "Vifaranga vya nini? Mimi nawinda majogoo." Ulitengeneza viti, vitanda, na milango iliyofungwa bila kelele. Hukumkabidhi mteja kiti kabla hujakikalia mwenyewe. Ndege nayo ulisema wa kwanza kuikalia utakuwa wewe.

Mkeo, fundi cherehani, ndiye aliyeivika kitambaa. Tangu mlipooana mlikuwa na mpaka usiovukwa: mbao zako, kitambaa chake. Hukuwahi kumwelekeza mshono, wala yeye hakuwahi kukuuliza habari za msumari. Nyumba yenu ilikaa kwa amani hivyo, na wengi wetu tuliwaonea wivu.

Asubuhi ile aliona mkunjo kwenye bawa la kushoto, karibu na kiwiliwili cha ndege.

"Baba watoto, hapa pamelegea. Jana palikuwa pamekaza kama ngoma."

"Hicho si kitambaa? Na kitambaa si chako?"

"Changu."

"Basi mtaalamu ni wewe."

Kitambaa cha aina ile hujikaza kikipata joto. Akapasha pasi, akaipitisha taratibu mpaka mkunjo ukaisha. Ulipapapasa, ukacheka. "Ama kweli nilioa fundi." Kisha ukavaa kofia yako, ukaondoka kwenda uwanja wa nyasi.

Wachunguzi wa ajali walieleza kwa maneno machache. Chini ya bati la karakana kulikuwa na joto kali, na gundi ya kiungo kimoja cha bawa ilianza kukauka kabla mbao hazijabanwa. Kwa nje kiungo kilionekana kizima. Ndani hakikushika. Mbao ziliposogea, kitambaa kikalegea. Kitambaa hakikuwa na kosa. Kilikuwa kinatoa habari za mbao. Mkeo alisikiliza mpaka mwisho, akaomba sehemu ya ripoti inayohusu kitambaa isomwe tena.

Mdogo wako hakutaka karakana inyamaze. Uliacha mabawa ya akiba, uliyoyaunda msimu uleule, nayo yamekwisha kuvikwa. Akayaundia kiwiliwili kipya. Alipania kuruka leo, siku yako, apite juu ya nyumba akupungie mkono.

"Mwanangu, nimeshazika mmoja," mama yenu alimwambia.

"Mama, siku ya mtu ikifika, hata kitandani atakufa."

"Basi ikukute kitandani hiyo siku, nami niwe karibu."

Alicheka, akarudi kwenye nyundo yake. Mtaa mzima ulisikia ikigonga, na kila mmoja wetu alingoja mwenzake aseme neno.

Juma lililopita mdogo wako alimpigia mkeo simu. "Shemeji, bawa la kushoto limeota mkunjo. Kidogo tu, wala si wa kutisha. Njoo na pasi."

Alikuja na mkasi.

Alisimama mbele ya bawa kwa muda, kidole chake kikiufuata ule mkunjo, karibu na kiwiliwili, palepale. Kisha akatoboa kitambaa, akakipasua.

"Shemeji! Unaharibu kazi ya ndugu yangu!"

"Naitazama. Sikuwahi kuitazama."

Kiungo kilikuwa kizuri, kimepigwa msasa kama vyote ulivyovigusa. Akaweka ncha ya mkasi kwenye mstari wa gundi. Ikazama bila kusukumwa. Mdogo wako akashika ubao kwa vidole viwili, nao ukamfuata mkononi, ukidondosha unga wa gundi kavu.

Mama yenu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ungetua wapi, mwanangu?"

Leo, Kipanga, hakuna atakayepita juu ya nyumba. Tutakusanyika karakanani, kwenye viti ulivyovikalia wewe kwanza. Mabawa tumeyavua kitambaa chote, tukayaning'iniza kwenye boriti, kila kiungo kikiwa wazi. Mdogo wako anavijaribu kimoja baada ya kingine. Mkeo anasimama nyuma yake akiuliza, na kila anachouliza anajibiwa.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, mama yako, mdogo wako aliye hai, wakwe, mashemeji, na majirani waliokupa jina.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.