Mganga Naye Apumzishwe

Kwako kitindamimba wetu,

Mimi mzima, ila mgongo tu. Kumgeuza Baba kitandani si mchezo, na mashine ya kufulia imekufa tena.

Unauliza kwa nini kundi lako linauawa kila mara kwenye pango la kwanza la ule mchezo wetu wa zamani wa kompyuta. Jamani! Umeunda watu sita, wote wa panga? Kaka zako nao walianza hivyo hivyo. Kila mtu anataka panga, kuuguza hataki. Weka wenye ngao mbele, mchawi nyuma, na mganga walau mmoja. Hifadhi mchezo kabla ya kufungua mlango wowote. Na huyo mganga mpumzishe, mdogo wangu. Akishaponya watu mara tatu nne anaishiwa nguvu, na ukizidi kumburuta mtakufa wote.

Jana nilimkalisha Baba kando yangu, nikafungua kundi letu la zamani, lile lenye majina yetu sisi ndugu. Akamnyooshea mganga kidole.

“Huyu nani?”

“Ni mimi, Baba.”

Akageuka, akavitazama viti vitupu sebuleni.

“Na ndugu zako wako wapi?”

Mpigie simu, umjibu wewe.

Dada yako