Kidonge Yumo Ndani ya Begi

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakupa hata salamu, acha nikwambie alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Kidonge amelivuta begi kutoka nyuma ya mlango, akafungua zipu kwa meno, akatoa nguo zake moja moja na kuzirusha kila upande, kisha akaingia yeye mwenyewe, akakunja miguu, akaketi. Ametulia humo kama mkate ndani ya bati. Nilipomwambia atoke alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia chumbani kwake bila hodi. Nimemwacha. Hajui begi hilo ni la nini.

Sasa salamu. Shikamoo, Mama. Natumaini goti limepoa na siku hizi unaweza kuinama bila kuwaita marehemu wote kwa majina. Mdogo wangu naye hajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mtoto mchanga, ambaye tunamwita Mgeni kwa kuwa baba yake bado anahangaika na jina, anashika uzito vizuri. Maziwa yapo. Kidonda changu kimefunga. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyamaliza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniambia "haya mwanangu" kabla sijafika katikati. Karatasi haina wa kuikatiza. Dereva anayetuletea unga atapita kwako, ataileta. Mwandiko usiucheke. Naandikia mapajani kwa mkono mmoja, ule mwingine umemshika Mgeni.

Mama, nyumba hii imekuwa uwanja wa vita, ila humu watu wanapigana kwa adabu. Tangu nijifungue, mama mkwe yuko nasi. Amekuja kunisaidia. Ndivyo alivyosema mlangoni, na ndivyo anavyowaambia majirani mpaka leo. Msaada wake ni kwamba mimi hanisemeshi, anasema na mtoto. Anampakata Mgeni, anamwita "mume wangu" kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, kisha anamuuliza kwa sauti ya kunifikia popote nilipo, eti mume wangu, hizi soksi amekuvalisha nani, au uliokotwa nazo jalalani? Eti mume wangu, huko kwenu hakuna anayejua kukamua nepi? Mtoto akipiga chafya anamwitikia, "Sema baba, sema, mimi nakusikia." Mwanzoni nilicheka. Siku moja nikachoka, nikapita njia hiyo hiyo. Nikamwambia Mgeni amkumbushe mke wake mkubwa kwamba soksi hizo alizileta yeye mwenyewe. Jioni bibi alinilipa, tena kwa riba.

Mimi na Baba Kidonge nasi hatusemezani. Tunapitisha kwa Kidonge. Mwambie mama yako chai ipo. Mwambie baba yako nimeiona. Kidonge anakimbia na ujumbe, lakini kichwa chake bado hakibebi sentensi nzima, kwa hiyo akinifikia anasema tu "Chai!" kwa ukali kama askari, na akirudi kwa baba yake anasema "Ona!" Zamani tungecheka mpaka tushike mbavu. Sasa kila mmoja anameza chai yake akitazama ukuta.

Chanzo cha vita ni huyo huyo Kidonge. Unajua kazi yetu. Chumba cha nyuma ndimo baba yake anamokanda unga na kuoka mikate, na tangu Kidonge ajue kusimama, humo ndimo kwake. Anakaa juu ya gunia la unga na kumtazama baba yake kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Tulipomleta Mgeni alifurahi kweli. Alileta mpira wake, akauweka kifuani pa mtoto, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasubiri urushwe. Bibi akamwambia huyu bado mdogo mno, subiri akue ndipo mtacheza. Kidonge akasubiri. Alisubiri hapo hapo, amesimama, mikono imenyooshwa mbele, mpaka nikaenda kumbeba.

Baada ya hapo yakaanza mambo. Bibi alimkuta anamdidimiza Mgeni kidole shavuni, anakitoa, anatazama, anadidimiza tena. Akamfukuza. Siku nyingine tukamkuta Mgeni amenyunyiziwa unga kifuani na usoni, anapiga chafya mfululizo. Bibi akasema huyu anataka kumpofusha mwenzake. Kisha ikaja ile siku ya kitambaa. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia yowe la bibi. Nilikimbia mpaka nikaacha kandambili njiani. Mgeni alikuwa amefunikwa uso wote kwa kitambaa kibichi, na pembeni yake Kidonge amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Bibi alikinyakua kile kitambaa, mtoto akalia, na kile kilio chake, Mama, ndicho kilichonirudishia pumzi. Kisha nikamchapa Kidonge mkononi. Kwa nguvu. Hakulia. Aliutazama ule mkono, akainama, akaokota kitambaa sakafuni, akakikung'uta, akanipa.

Bibi akatoa hukumu. Siku zote humtania Kidonge kwa kumwita "mke mwenzangu", lakini siku hiyo utani ulikuwa na meno. Alisema mke mwenza ni mke mwenza tu hata awe ananyonya kidole, na huyu wivu umemjaa mpaka kwenye kucha. Akasema atamchukua akakae kwake, kwa muda, mpaka Mgeni akomae shingo. Hapo hapo akakupigia wewe simu, akaweka spika. Nilikuwa chumbani nanyonyesha. Nilikusikia, Mama. Ulisema mchukue tu, mkwe mwenzangu, hata huyo mama yake alikwenda kwa bibi yake wakati wake, na mbona hakufa. Mkacheka wote wawili.

Bibi amekwenda kwake kutandika kitanda. Leo anarudi kumchukua. Ndiyo maana kuna begi.

Sasa sikia ya asubuhi hii. Nilikuwa nimeketi mlangoni pa chumba cha nyuma, Mgeni yuko juu ya mkeka miguuni pangu. Baba Kidonge alimaliza kukanda, akautia unga kwenye beseni. Kidonge akateremka kutoka guniani bila kuitwa. Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua kwa mikono yote miwili mpaka mashavu yakavimba, akapanda kistuli, akaufunika ule unga taratibu, ncha kwa ncha, akaupigapiga juu. Baba yake akamwambia ahsante fundi. Hiyo ndiyo kazi yake humo ndani siku zote, Mama, na mimi nimeiona mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa siioni tena. Akakaa kusubiri. Ulipofika wakati akafunua, akadidimiza unga kidole, akakitoa, akatazama kama shimo linarudi juu. Lilirudi. Akatangaza, "Tayari!" Kisha akaja kwa Mgeni, akamdidimiza shavu kwa kidole kile kile, akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bado," akasema. Akaenda kuchota unga kidogo kwa vidole, kama baba yake anavyonyunyiza mezani, akaanza kurudi nao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwita Baba Kidonge kwa jina lake, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Akageuka. Akamwona mwanawe anakuja na unga, akaona kile kitambaa kibichi mkono wa pili, akamwona Mgeni mkekani. Nyumba ya waoka mikate, Mama! Watu wazima watatu tunaoishi kwa unga unaofunikwa ili uumuke, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mtoto alikuwa anamwumua mdogo wake ili akue upesi warushiane mpira. Tukamwita muuaji.

Baba Kidonge hakucheka. Aliipiga meza ngumi, mabati yakarukaruka, akasema yeye ni mpumbavu, tena mpumbavu mwenye aproni. Halafu akapiga magoti mbele ya Kidonge na mikono yake imejaa unga, akamweleza polepole kwamba mtu ni tofauti na mkate, mtu hafunikwi uso, hata kidogo, hata kwa utani. Nami nikamfundisha kazi mpya, kwa sababu mtoto huyu bila kazi anaugua. Nikampa kitambaa kikavu, nikamwonyesha miguu. Miguu tu. Sasa ndiye mfunikaji wa miguu ya Mgeni, na macho yangu hayambanduki, maana kujua sababu hakuondoi hatari.

Pengine umefika hapa ukapumua, ukasema kumbe mtoto hana wivu, basi na abaki. Ngoja, Mama. Hilo silo lililonishikisha kalamu.

Tuseme angekuwa na wivu. Tuseme wivu wenyewe hasa, wa kufinya na kung'ata. Ndiyo aondolewe? Mimi sijui kama nilimfinya mdogo wangu. Mlisema nilimfinya. Sikumbuki, na hakuna aliyeniuliza. Wewe huwa unawaambia watu kwamba nilikuwa mdogo sana nilipopelekwa kwa bibi, sikumbuki chochote. Nakumbuka. Ulikuwa umeketi kwenye ngazi unanyonyesha, ukaniambia naenda kuona vifaranga. Niliviona kweli, vilikuwepo. Nikavitazama mpaka nikatosheka, nikaenda kusimama langoni nikusubiri. Vifaranga vikawa kuku, Mama. Kuku wakataga. Niliporudishwa nyumbani nilikuwa nimeota meno mapya, na mdogo wangu alipoufungua mlango alipaza sauti ndani akasema, mama, kuna mgeni. Ukacheka. Umekisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe, na kila mara nimecheka pamoja nanyi.

Sikuandika ili nikuchome. Au niseme kweli, nilianza ili nikuchome, lakini kalamu imenigeukia. Kuna neno sijakwambia, na bila hilo barua hii ni uongo. Bibi hakunilazimisha. Baada ya ile simu alikuja chumbani, akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza akasema nami mwenyewe, siyo na mtoto. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nitaridhia Kidonge aende. Nikasema mchukue. Nilisema kabla hajamaliza kuuliza. Ziwa lilikuwa linaniuma, Mgeni analia, Kidonge ameshikilia gauni langu anataka abebwe, na mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, mikono ya mtoto huyo initoke. Baba Kidonge ndiye aliyekataa. Aliniomba nibatilishe, nikamwambia ajaribu yeye kuwa na maziwa. Ndiyo sababu hatusemezani. Na hilo begi nililifunga mimi. Nguo zake nilizikunja vizuri, na lile blanketi lake lililochakaa nikaliweka juu kabisa, ili alione kwanza akifungua.

Kwa hiyo sasa najua ulivyokuwa pale kwenye ngazi. Najua kwa nini hukusimama kuniaga. Nimekasirika bado, Mama, tena sana, lakini kwa mara ya kwanza nimekasirika nikiwa nimeketi karibu nawe. Tofauti yetu labda ni hii tu, kwamba mimi nimeliona begi likifunguliwa kwa meno kabla halijatoka nyumbani. Goti likipoa, njoo. Usije kumchukua mtu. Njoo ukae hapa, Kidonge atakufunika miguu.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie yule mgeni wa mlangoni anampenda, na kama kweli nilimfinya anisamehe. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wale wasionikumbuka pia wapewe. Baba Kidonge naye anakuamkia, ingawa hajasema. Namsemea mimi.

Ngoja. Lango limelia. Bibi amefika, namsikia anauliza mke mwenzake yuko wapi, na begi liko wapi, mbona hawajatoka, gari linasubiri. Baba Kidonge anamwambia akae kwanza anywe maji, mwenye jibu ni mama mtoto. Sasa wananiita wote wawili, kila mmoja kwa sauti yake. Kidonge bado yumo ndani ya begi na hataki kutoka, basi nitamweka Mgeni mgongoni, nilibebe begi hivyo hivyo na mtu wake ndani, nimwambie bibi kwa mdomo wangu kwamba mtoto haendi popote, na kama kweli alikuja kunipunguzia kazi, nepi ziko kwenye beseni, aanze na hizo.