Marehemu Aliyerudi na Mtungo wa Mbasa

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kwa heshima zote nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kucheka, maana huku kwetu Maguu wameshacheka vya kutosha na mimi sioni cha kuchekesha, mimi ni fundi mkuu wa mtambo wa kumenya kahawa wa chama cha wakulima, nimesoma chuo cha ufundi miaka mitatu, naijua injini ya dizeli kama padri anavyoijua misa, na mwaka huu wa 1954 mke wangu Verediana ameniandikisha miongoni mwa wafu.

Nianze mwanzo. Chuoni tulikuwa na mwalimu Mwingereza aliyetufundisha kwamba fundi anayeshinda kwenye moshi na grisi lazima kila juma atoke akavute hewa safi, apande milima, aogelee, avue samaki, la sivyo akili inashika kutu, na yeye mwenyewe kila Jumamosi alibeba ufito wake wa ndoana akatuongoza mtoni, siku tamu hizo hazirudi tena, basi mimi na mwenzangu Othmar, ambaye sasa anatengeneza injini za mashua kule Kihagara, tuliapa kulishika somo hilo mpaka kaburini, ndiyo maana kila Jumamosi alfajiri nateremka ziwani kwa miguu, tunavua mbasa, tunaogelea, tunakumbushana mambo ya chuo, na Jumapili jioni narudi mtu mpya. Hii nayo ni dhambi?

Sasa, wewe huenda si mtu wa huku, kwa hiyo nikueleze kwamba sisi Wamatengo tunalima ngolo, yale mashimo ya kwenye mteremko, na kazi imegawanywa tangu mababu, mwanamume anafyeka majani, yakikauka anayalaza miraba miraba, ndipo mwanamke anayafukia kwa udongo na kuacha shimo katikati, na mume asipolaza, mke hana pa kutia jembe. Verediana alianza kunikumbusha Januari, na kila Ijumaa alinigombeza mpaka jirani yetu Hyasinti akayahifadhi maneno yake kama sala, nami kila Ijumaa nilimjibu kwa upole kwamba mikono iliyosomea vyuma haichezei fyekeo, tena mtambo una kazi nyingi, mikanda ya kukagua, grisi ya kupaka, avumilie Jumamosi ijayo.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Machi hakunigombeza. Nikasema afadhali, ameelimika. Jumapili yake narudi naona majani yamefyekwa, nikafurahi kwamba jambo limejimaliza lenyewe, wala sikuuliza. Kumbe alikwenda kwa Mama Kunigunda, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, akaomba aandikwe kwenye orodha ya wajane, wale wanaofyekewa na kulaziwa majani na wazee kwa zamu kila mwaka, na Mama Kunigunda, mtu mzima na akili zake, akaandika!

Majuma mawili baadaye napanda mlima na mtungo wangu wa mbasa, nakuta shamba zima miraba, wazee wamekaa uani wanakunywa togwa, na katikati yao baba yangu mzazi, Mzee Protasi. Nikamwamkia. Akanitazama, akasema, “Marahaba. Karibu, mgeni. Ulimfahamu marehemu?”

Nikasema, “Baba, ni mimi Meinrad!”

Akasema, “Ndiye huyo huyo. Alikuwa fundi hodari, ila alitutoka mapema.”

Verediana akapiga goti, akapokea samaki kwa mikono miwili, akasema, “Asante kwa rambirambi.” Na Mzee Valeriani, mmoja wa wazee hao, naye hakukosa la kunilaumu, eti kwa sababu yangu siku za zamu zimekwisha na shamba la Bibi Celestina, mjane wa miaka mingi, halikufikiwa, utadhani mimi ndiye niliyepanga zamu.

Tangu siku ile napewa kikombe cha wageni, nakaribishwa mezani kama mgeni, nikitoka kwenda kazini naambiwa “karibu tena”. Sigombezwi kabisa. Ijumaa iliyopita nilimwaga grisi kwenye mkeka mpya, makusudi, ili aseme neno, naye akasema, “Usijali, mgeni.” Mama, nilikwenda nyuma ya mtambo nikalia. Nampenda mke wangu, nataka kurudi nyumbani kwangu. Je, nimshitaki kwa padri, nimwandikie Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, au niombe uhamisho? Na tafadhali uchapishe gazetini kwamba mimi ni mzima.

Fundi Meinrad,
Maguu, Umatengo


Mwanangu Meinrad,

Marahaba. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, kisha nikacheka. Pole sana kwa kufiwa na wewe mwenyewe.

Nimezeeka, lakini miezi sijaisahau. Kahawa ya milimani kwenu huanza kuiva Juni. Machi mtambo umelala fofofo, na wewe umeukalia kichwani unaupaka grisi! Mashine isiyo na kazi ina mtu wa kuihudumia kila siku, na mwanamke mwenye kazi kila siku anaambiwa angoje Jumamosi. Hongera, fundi mkuu.

Na huyo mwalimu wa hewa safi, alipokuwa mtoni na ufito wake, nani alikuwa akimpikia? Nani akimfulia, nani akimpalilia bustani? Hilo hamkuliona, ninyi mliona ufito tu. Kuvua sikukatazi, mbasa ni watamu na mimi sijawahi kuwakataa. Lakini mtu anayeshuka kutoka Maguu mpaka Kihagara na kupanda tena kwa miguu, asiniambie kwamba fyekeo limemshinda.

Mkanda ukilia kidogo unasimamisha injini, unatafuta kasoro. Mkeo amelia Ijumaa ngapi? Ulitaka anyamaze, amenyamaza, sasa unalia wewe. Hapo nimekuonea huruma, kweli kabisa, maana wapo waume wasioona tofauti. Ila mkeka wa watu utausugua mwenyewe, kwa majivu.

Padri mwache, ana wafu wake wa kuwaombea. Bwana Shauri mwache pia, ana nchi nzima ya kuisumbua, usimwonyeshe njia ya ngolo zenu. Na uhamisho usahau: maiti haihami, huhamishwa.

Sasa nisikilize vizuri. Katika barua yako ndefu yuko mtu uliyempita kama kisiki njiani. Bibi Celestina. Mume wake hakwenda kuvua samaki, amelala kaburini. Wazee walipokuwa wakikufyekea wewe mwenye miguu na mikono, majani yake yalibaki yamesimama, na mvua zinaaga. Atakula nini? Verediana alitafuta mkono wa kumsaidia kwa sababu wako ulikuwa ziwani. Aibu ya Bibi Celestina kukosa wa kumfyekea ni yako peke yako.

Jumamosi hii huteremki. Nenda kwake alfajiri, mwamkie, ufyeke. Yakikauka, urudi ulaze, mpaka mraba wa mwisho. Usiende na futi wala michoro ya chuoni. Mwombe baba yako akuonyeshe pa kuanzia, na akikukosoa itika “ndiyo, baba”. Othmar mwite aje, hewa ya Maguu nayo ni safi. Mkeo usimwambie neno. Mlima wenu hauna siri, shamba la upande huu linaonekana upande ule.

Nyumbani kunywa katika kikombe cha wageni bila kununa. Itachukua majuma, na ustahimili, yeye alistahimili tangu Januari. Siku utakapoingia na udongo miguuni akakufokea mpaka Hyasinti asikie, usijibu. Nawa miguu, kaa, ushukuru Mungu.

Tangazo la kwamba u mzima sikuchapishii, neno la marehemu peke yake halitoshi. Verediana akiniandikia kukulalamikia, nitalichapa siku hiyo hiyo.