Nilimwachia Babu Yako Katikati ya Ubao

Mjukuu wangu Zaituni,

Huku Kisugu sote wazima, ila goti la babu yako linamsumbua naye hataki kutulia.

Unaniuliza kwa nini unashindwa chesi kwa ufunguzi niliokufundisha, tena unasema ufunguzi huo hauna mpango. Jamani, Zaituni! Unatoa farasi, unamweka askofu pembeni, unamficha mfalme, halafu unakaa kama mgeni anayesubiri chai. Nani alikwambia uishie hapo?

Vita vilipoisha, babu yako alikuja kuniposa. Marehemu baba akaweka ubao mezani, akamwambia, "Cheza naye kwanza." Nyeupe nilipewa mimi. Nikapanga kete zangu taratibu, huku pembeni. Yeye akajaza askari wake katikati, anatabasamu, akidhani naogopa. Kumbe namtazama tu, nijue anataka nini. Alipokwisha kujitanua, nikasukuma askari wa pembeni, nikaipiga ile katikati yake. Kete zake zote zikabaki kulindana, hana hata moja ya kunishambulia. Akashindwa.

Aliyekuja kuposa kabla yake, alipofika hapo, alimwaga ubao. Huyu alikuna kichwa, akasema, "Panga tena, unionyeshe." Nikamwambia baba apokee posa.

Sasa hivi anachungulia barua hii begani kwangu, eti aliniachia nishinde! Nimechoka kubishana naye. Ukija Idi, cheza naye wewe. Mwache ajaze katikati, lakini safari hii, tafadhali, usiishie hapo, ipige.

Bibi yako,
Halima